Mayai ya Bibi Alinanuswe

Ummy hakai. Akikaa ananyanyuka, anachungulia tena kioo cha mashine ya kutotolesha aliyoiunda mwenyewe kwenye kibanda chake cha ufundi, Makandana. Ndani mna mayai ya bibi Alinanuswe wa Lupepo. Ugonjwa wa mdondo ulimfagilia kuku wote. Mbegu aliyoachiwa na mama yake imebaki humo tu, na leo ndiyo siku ya kuangua.

Balaa ni Prosper, jirani. Tangu afunge mota mpya ya kusagia, akiiwasha tu, kelele za umeme hupanda kwenye nyaya zote mbili kwa pamoja hadi kwa Ummy. Kipimajoto kinapayuka kwamba mayai yanaungua, taa za joto zinazimika. Na baridi hii ya Tukuyu!

Jana Ummy alinyofoa pete nyeusi kwenye kompyuta mbovu, akaisokotea nyaya mbili kutengeneza choki ya kuzuia kelele. Wa kwenda akauzungusha huku, wa kurudi kule, kama marehemu baba yake alivyozoea: "Zisigombane, mwanangu." Asubuhi kipimajoto kikatulia tuli. Akampigia bibi kwa mbwembwe: "Njoo uchukue vifaranga!"

Bibi kafika, kakaa. Mara mashine ya Prosper ikaanza kunguruma. Namba zikaruka, taa zikazima.

"Prosper! Asubuhi hukuwasha?"

"Si tulikuwa tunazika kwa kina Fred, dada? Mtaa mzima ulifunga."

Lahaula! Mtaa mzima, isipokuwa yeye na mayai yake. Choki haikuzuia kitu, na yeye hata kuzika hakwenda.

"Kwa hiyo wanakufa?" bibi akauliza.

Ummy akagusa choki. Ya moto, inavuma. Kumbe nyaya zikipingana, umeme wa taa ndio unaoishibisha pete sumaku hadi isizuie kitu, na kelele inapita bila kuulizwa! "Baba, leo nakukatalia." Akazima, akafumua, akasokota zote mbili upande mmoja, ili umeme wa kwenda na wa kurudi ujifute ndani ya pete, kelele tu ndiyo igonge mwamba.

"Prosper, saga!"

"Na mayai?"

"Saga, nakwambia!"

Mota ikanguruma, kibanda kikatetemeka. Namba hazikucheza. Bado Ummy anazunguka, anauma kucha. Bibi akabandika sikio kwenye kioo, akatabasamu.

"Mmoja analia humu. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Sasa nenda msibani, mimi nitakaa nao."

Ummy akachukua mtandio, akakimbia kwa kina Fred huku machozi yakimtoka.