Mkalimani wa Mama

Jumapili Everlyn alimpakulia mama yake firigisi, na mama akairudisha sufuriani kwa kijiko.

Kwao Butere, magharibi mwa Kenya, firigisi ya kuku huwekewa mwenye nyumba, yaani baba. Mwenye nyumba, Boaz, alikuwa huko huko Butere, mwaka wa tisa sasa tangu kiwanda cha sukari kimwachishe kazi, wala hakuwa ametafuta nyingine. Loise, mkewe, ndiye aliyekuja Dubai kusimama saa kumi na mbili kwa siku akiwa na sare ya ulinzi, mlangoni mwa jengo la ofisi kule Jumeirah Lakes Towers. Ndiye pia aliyemleta bintiye kusoma chuo.

"Si wewe ndiye unayetulisha, Mama?"

"Baba yako hajafa, Eve. Usinipakulie kama mjane."

Everlyn hakubishana, kwa kuwa siku ya Jumanne angemhitaji mama yake chuoni. Darasani walikuwa wametazama filamu ya familia ya Kikorea iliyohamia Amerika. Mama anapiga pasi nguo za watu kutwa, baba amejilaza miaka miwili kwa aibu ya duka lililofilisika, na bado bakuli la kwanza la supu ni la baba. Binti, anayemtafsiria mama yake hospitalini na benki tangu utotoni, siku moja analinyakua lile bakuli na kumpa mama. Darasa zima lilishangilia. Everlyn alilia. Mwalimu akawaambia kila mmoja alete mgeni ambaye maisha yake yanafanana na filamu hiyo, na Everlyn hakuwaza alama. Alitaka walau mara moja mama yake atambuliwe mbele za watu, naye asikie akitambuliwa.

"Utaongea Kiswahili, mimi nitafasiri," alimwambia.

"Kwani Kiingereza changu kina kasoro gani? Ma-sir wa pale kazini wananielewa sana."

"Hakina kasoro, Mama. Nataka tu useme kwa lugha yako."

Loise alibadilishana zamu na Pius, mlinzi mwenzake, akaja na gauni lake la kanisani. Mwalimu, Madam Hala, alimketisha mbele, akamuuliza ni nani hasa aliyebeba mzigo wa kuwalea watoto wake.

"Ni baba yao," Loise alijibu kwa Kiswahili, ameketi wima. "Mimi niko huku kwa ruhusa yake. Yeye ndiye nguzo ya nyumba."

Wanafunzi wote walimgeukia Everlyn. Aliikumbuka miguu ya mama yake, ilivyovimba kila jioni juu ya ndoo iliyofudikizwa, katika chumba chao cha kushirikiana na wengine kule mtaa wa Karama. Akafungua kinywa, na kwa Kiingereza kilichonyooka akasema:

"Mama anasema amewalea watoto wake peke yake. Mumewe hajamsaidia kwa lolote."

Makofi yalilipuka. Msichana mmoja alifuta machozi.

Loise alisubiri yaishe. Kisha, kwa Kiingereza kile kile anachowazuilia wageni wasio na miadi, akasema taratibu: "Samahani, madam. Hayo si maneno yangu. Nitajisemea mwenyewe."

Akajisemea. Alimsifu Boaz kwa dakika kumi, na darasa likamsikiliza kwa adabu. Everlyn alisimama kando, hana kazi, wala hakuna aliyemtazama.

Kwenye behewa la wanawake la metro ndipo alipothubutu. "Lakini Mama, si ni kweli?"

"Unadhani siijui hiyo kweli?" Loise hakupandisha sauti. "Nimeifunika miaka tisa ili siku nikirudi niwe na kwangu. Wewe umeifunua mbele ya watu wasionijua, wakupigie makofi."

"Walikuwa wanakupigia wewe."

"Mimi sikuwaomba."

Akatoa simu, akapiga Butere. "Baba Eve! Leo nilialikwa chuoni kwa mtoto. Ee. Nimewaeleza habari zako. Wamekusifu hao!" Akamnyooshea bintiye simu. "Mwambie."

Everlyn aliutazama uso wa mama yake, akatafuta hata chembe ya msamaha. Hakuiona. Akapokea simu.

"Ndiyo, Baba," alisema. "Wamekusifu sana."

Boaz alicheka, akasema hilo hata halimshangazi.