Bega la Bingwa

Bega lilianza kumuuma Bingwa mwezi uleule ambao wateja walianza kumngoja shemeji yake. Mtu mwingine angesema ni mambo mawili yaliyokutana tu. Bingwa aliona ni jambo moja, nalo lina miguu miwili na linaitwa Kifaranga.

Kifaranga alikuwa mdogo wa mke wake. Alikuja saluni miaka tisa iliyopita hajui hata kushika kitana, na Bingwa ndiye aliyemfundisha unyozi kuanzia kufagia nywele hadi kuchonga kona za paji la uso. Jina pia alimbandika yeye, kwa sababu kijana alinyoa amebana viwiko mbavuni kama kifaranga aliyenyeshewa. Bingwa mwenyewe alinyoa kwa madaha. Kiwiko kilikuwa juu, usawa wa sikio, na mashine ilishuka kichwani mwa mtu kama inatua kutoka hewani. Wateja walipenda kumtazama kwenye kioo. Naye alipenda kujitazama, tusifichane.

Sasa mkono ulikuwa haupandi. Ukifika usawa wa kifua, bega linachoma, na jasho linamtoka mwenye mkono badala ya mteja. Usiku hakuweza kulalia upande wa kulia. Asubuhi mke wake alimvalisha shati kama anayevalisha mtoto wa chekechea, akamsugua dawa ya kupaka mpaka chumba kizima kikanuka. Vidonge alimeza vya kila rangi. Miezi minne ikakatika.

Yote hayo angeyavumilia. Kilichomkaba ni Mwalimu. Mzee huyo mstaafu alikuwa mteja wake kwa miaka kumi na sita, Jumanne moja kila baada ya wiki mbili, na hakuna mkono mwingine uliowahi kugusa kichwa chake. Jumanne moja bega liligoma kabisa, Mwalimu akahamia kiti cha Kifaranga. "Leo tu," alisema. Wiki mbili baadaye alipitiliza moja kwa moja kwenye kiti hichohicho, hata hakuuliza. Bingwa alijifanya anasafisha vitana huku akihesabu mara walizocheka. Walicheka mara saba. Na yeye, miaka kumi na sita, hakukumbuka kama aliwahi kumchekesha Mwalimu mara saba kwa siku moja.

"Ndugu yako ananichimba," alimwambia mke wake.

"Ndugu yangu ananyoa. Wewe ndiye umekaa na bega bovu unalinunia. Kesho twende hospitali, na usinijibu."

Mtaalamu wa tiba ya viungo alikuwa mwanamke mfupi mwenye vidole vyenye nguvu na uso usiopoteza muda. Alimwinua mkono, akausukuma, akauvuta, akambonyeza mahali fulani pembeni ya bega mpaka Bingwa akataja jina la mama yake.

"Huo mshipa, daktari?"

"Si mshipa. Ndani humu kuna kano, kama kamba, zinapita chini ya mfupa huu uliokaa kama paa. Ukiinua kiwiko, nafasi inakuwa ndogo, kano zinasuguliwa. Mara moja si neno. Wewe unafanya hivyo siku nzima, mwaka mzima. Dawa ya kupaka haiwezi kupanua nafasi. Misuli ya nyuma ya bega ikipata nguvu, ndiyo itakayolishikilia bega mahali pake."

Akachukua taulo dogo, akalikunja, akambana nalo kwapani. Akafunga mpira wa kuvuta kwenye kitasa cha mlango, akampa ncha nyingine. "Vuta kwenda nje. Taulo lisianguke. Mara kumi na tano, asubuhi na jioni. Na kazini, kiwiko kisipande juu ya bega."

Jioni Bingwa aliufungua mpira chumbani, akaweka taulo kwapani, akasimama mbele ya kioo cha kabati. Aliyemwona mle ndani, amebana kiwiko mbavuni, alikuwa Kifaranga mtupu. Damu ilimpanda. Aliuchomoa mpira, akauviringisha, akautupa kwenye droo. Afadhali kuumwa kuliko kufanana na mtu yule.

Kwa wiki tatu alimdanganya kila mtu. Mke wake akiuliza, mazoezi yamefanyika. Siku aliporudi kwa mtaalamu pamoja na mke wake alijibu hivyohivyo, tena kwa sauti ya kuudhika kidogo, kama mtu mkweli anayeshukiwa bure. Mtaalamu alipima mkono, ukaishia palepale pa zamani. Akaomba mpira. Akaugeuza viganjani.

"Kaka, huu bado una unga wake wa dukani. Mpira uliovutwa wiki tatu hauwi hivi."

Bingwa alitazama dirisha.

"Sawa. Nionyeshe unavyonyoa." Akasogeza kiti, akamkalisha mke wa Bingwa, akampa Bingwa kitana. Bingwa akainua kiwiko, akauma meno. Mtaalamu akatikisa kichwa. "Pale kazini kuna mwingine anayefanya kazi hiihii, saa zilezile, na bega lake ni zima?"

Mke wake alikuwa anajibana asicheke.

"Yupo," akasema mke.

"Basi kesho kamtazame anavyosimama. Siku nzima, na usishike mashine."

Hiyo ilikuwa adhabu, si matibabu. Lakini mke wake aliahidi kumpigia simu ndugu yake ili ahakikishe, na Bingwa akaenda, akakaa kwenye benchi la wateja na roho nyeusi. Aliangalia ili apate kosa. Saa mbili za kwanza hakuona isipokuwa yale aliyoyachukia siku zote. Baadaye, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaanza kuona. Kifaranga alikishusha kiti mpaka chini kabla ya kuwasha mashine. Hakukifuata kichwa kwa mkono; alikizunguka kwa miguu. Akitaka upande wa pili, anamgusa mtu kidevu, kichwa kinageuka chenyewe. Kona yake ilikuwa imebanwa na ukuta huku na kabati kule, na humo ndani alizunguka kama aliyezaliwa humo. Vichwa kumi na vinne, na hakujinyoosha bega hata mara moja. Wivu ukamshika Bingwa upya, safari hii si wa wateja. Aliuonea wivu mkono.

Adhuhuri saluni ikatulia. Kifaranga alikuwa anapuliza mashine.

"Nani alikufundisha kunyoa hivyo?" Bingwa akauliza, kwa ukali kuliko alivyokusudia.

Kifaranga akamgeukia, akidhani anataniwa. "Shemeji, si wewe?"

"Mimi? Mimi ninyoe kama kuku?"

"Mwaka wa kwanza. Ulisema nafasi ni ndogo na wewe ndiye mwenye wateja. Ukinigonga kiwiko unanifokea. Ukaniwekea kopo la poda kwapani, ukasema likianguka silipwi siku hiyo." Akacheka kidogo, bila kinyongo. "Lilianguka siku tatu tu. Baada ya hapo nikazoea."

Bingwa alikumbuka. Alikumbuka kopo, na alikumbuka vizuri zaidi kwa nini alifanya vile. Kijana alikuwa na mkono mwepesi tangu wiki ya pili, na wateja walishaanza kumtupia jicho. Haikuwa nafasi. Alimbana kwenye ile kona asionekane. Miaka tisa amemwonea wivu mtu huyu tangu kabla hajawa na cha kuonewa, na kila siku ya kumbana alikuwa anamkinga bega, huku yeye mwenyewe akijitanua katikati ya chumba na kulimaliza lake.

"Mbona hujawahi kuniambia niteremshe kiwiko?"

"Ungenisikiliza?"

Bingwa alisimama, akaegemeza bega zima kwenye kiti chake cha katikati, akaanza kukisukuma.

"Shemeji, vipi? Utajiumiza!"

"Toa chako hapo konani. Ukuta huo nautaka mimi. Kiwiko kikipanda, kigonge."

Walivibadilisha viti bila maneno mengi, Kifaranga akinyanyua, Bingwa akielekeza kwa mkono wa kushoto. Hakujisikia mtu mwema. Alijisikia mtu aliyeng'olewa jino.

Bado wanapangusa vumbi, mlango ukafunguliwa. Baba mmoja mgeni aliingia na mwanawe, akatazama viti vyote viwili, akaenda kwenye cha katikati, aliposimama Kifaranga.

"Naambiwa hapa kuna mnyozi anaitwa Bingwa," alisema akikaa. "Ndiye wewe?"

Kifaranga akamtazama shemeji yake kwenye kioo. Bega la Bingwa likachoma, na maneno yakamjaa mdomoni. Akachukua taulo kwenye msumari, akalikunja, akalibana kwapani.

"Ndiye huyohuyo," Bingwa alimwambia mgeni. "Umefika."