Ukuta Nyuma ya Kitanda

Nyiraneza alikuwa na ombi moja tu duniani: siku ya mahari ya Umuhoza akae sebuleni na watu wengine. Umuhoza alikuwa mjukuu wake, aliyemlea kule Bukavu na kumvusha mpakani akiwa amembeba mgongoni waliporudi Kamembe. Lakini Vénantie, mke wa mwanawe, alishasema wazi kwamba bibi anayekohoa na kujikojolea haonyeshwi wageni wa Kigali. Siku hiyo angefichwa stoo, mlango ufungwe.

Vénantie na makuu yake, jamani! Bati linavuja upande wa jikoni, ila yeye aliona kwa rafiki yake karatasi za ukutani zenye maua ya dhahabu, basi usingizi ukamkatika. Akamwita Mirindi, fundi wa Mururu, aje apime.

Mirindi ni fundi wa kweli. Alivuta mita kona hadi kona, akapima juu, katikati na chini, kwa sababu nyumba zetu hazijui kunyooka, akaandika yote. Alipofika kwenye kitanda cha Nyiraneza, kilichoegemea ukuta wa sebule tangu miguu yake ilipoanza kumsaliti, akaomba kisogezwe. Vénantie akajibu kwamba kitanda cha mgonjwa hakisogezwi kila anapokuja mtu na mita, na nyuma yake hakuna anayepaangalia. Apime juu ya ubao wa kitanda, huko chini aache. Mirindi akamwonya kwamba karatasi zikipungua, zitakazoletwa baadaye hazitafanana rangi na hizi, hata kama ua ni lile lile. Akaambiwa aliitwa kupima, siyo kuhubiri.

Nyiraneza alikuwa amelala pale pale, anasikia wanavyomhesabu pamoja na ubao wake. Iliuma, lakini bado alikuwa anakiombea kiti chake cha sebuleni.

Karatasi zikafika kwa basi, Mirindi akabandika siku mbili. Zilipendeza, tuseme ukweli. Ijumaa mchana kitanda kikapelekwa stoo, na mgonjwa wake juu yake, ili viti vya wageni vipate nafasi. Hapo ukuta ukajianika: doa jeusi la unyevu na mafuta ya kichwa, upana wa mita nzima, kimo cha kumfika mtu kifuani. Vénantie alipimisha kama vile kitanda kingekuwepo siku ya wageni, naye ndiye aliyekuwa amepanga kukitoa! Wakajaribu rangi, haikushika kwenye ule unyevu. Wakajaribu kabati, halikupita mlangoni. Akamtukana Mirindi mpaka mate yakamkauka, na Mirindi akakunja mita yake, akaenda zake.

Asubuhi ya Jumamosi, siku ya mahari, Vénantie aliingia stoo anacheka.

"Maman, leo unakaa sebuleni. Kwa kiti kikubwa."

Nyiraneza alilia. Aliogeshwa, akafungwa nepi bila hata neno moja baya, akavalishwa mshanana, vazi pana la sherehe, akawekwa kwenye kiti chenye mgongo mpana pale pale kilipokuwa kitanda chake, vazi likatandazwa huku na huku. Kila mgeni aliyeingia alimpa mikono miwili. Alijiona mtu tena. Akamsamehe Vénantie yote, mpaka zile siku alizonyimwa maji ili asilowanishe shuka.

Ng'ombe wa mahari walipokwisha kukubaliwa, mzee aliyeitwa Shema, wa upande wa bwana harusi, akasema hawezi kumchukua binti bila kukumbatiwa na aliyemlea. Akasimama katikati ya sebule, mikono wazi, anangoja. Watu wote wakageuka. Miguu ya Nyiraneza ilikuwa mibovu, sawa, lakini kwa hilo ingesimama tu. Akashika mikono ya kiti, akaanza kujiinua, makalio yakaachana na mto.

Umuhoza akaja haraka, akapiga magoti mbele yake. Nyiraneza alidhani anakuja kumshika, akampa uzito wake wote. Mkono wa mjukuu ukatua begani, ukamkandamiza chini, kucha zikaingia nyamani, tabasamu likiwa palepale kwa ajili ya wageni.

"Kaa chini, Koko," akamnong'oneza bibi yake. "Bataona ukuta."

Nyiraneza akakaa. Watu wakapiga makofi, wakasifu binti anavyomheshimu bibi yake.