Hodi kwa Niaba ya Marehemu

Hamis Abbasi alikuwa na filamu moja tu, nayo ilikuwa ya kutisha. Aliinunua Kigoma pamoja na projekta na jenereta kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akifunga duka, na tangu siku hiyo akajiona yeye ndiye yeye. Kila Jumamosi saa tisa alasiri ghala lake la mahindi pale Kasulu lilizibwa madirisha kwa magunia, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na watu wakaingia: wanachuo wa ualimu, makarani wa wilaya, wauza dagaa na vikapu vyao mapajani. Filamu ilikuwa ya Kizungu, na Kizungu chenyewe hakikueleweka hata kwa wanachuo, ingawa wao walitikisa vichwa ili waonekane wanaelewa. Kwa hiyo alihitajika mfasiri wa kusimama kando ya shuka na kipaza sauti, awaeleze watu nani ni nani na nani anamtafuta nani.

Mfasiri huyo alikuwa Dionis. Wawili waliomtangulia waliacha kazi wenyewe. Mmoja alitimua mbio na kipaza sauti mkononi mpaka waya ukakatika. Dionis hakukimbia wala hakushtuka. Mkono wa maiti ukichomoza dirishani, aliutazama kama mtu anayesubiri zamu yake posta. Hamis alisema hiyo ndiyo sifa ya mfasiri, moyo wa chuma, akampa kazi siku ileile.

Kumbe alikuwa amejinunulia balaa. Filamu ile ilikuwa na mishtuko mitatu. Kwingine kote ni watu kutembea na mishumaa. Wa kwanza ni mkono unaovunja kioo cha dirisha. Wa pili ni paka anayeruka kutoka kabatini. Wa tatu ndio wenyewe: mwenye nyumba kakaa mezani anakula, mkewe kazikwa juzi, mara mlango unafunguka na mke kasimama pale na sanda yake. Kigoma mjini, Hamis aliapa, watu walikuwa wakianguka kutoka kwenye mabenchi, na mtu akianguka Jumamosi hii, Jumamosi ijayo anamleta shemeji yake naye aje aanguke. Hiyo ndiyo biashara. Lakini Dionis, kabla mkono haujafika kwenye kioo, aliinua kipaza sauti na kusema kwa sauti yake ileile ya kila siku:

"Jamani, dirishani kuna mgeni. Hodi!"

Ghala zima likaitikia, "Karibu!" Mkono ukaja, watu wakacheka. Kwa paka, hodi. Hata marehemu alipigiwa hodi, na muuza ndizi mmoja akamjibu, "Karibu dada, chakula kipo!" Watu wakavunjika mbavu, filamu ikaisha bila mtu kujua imeishaje.

"Dionis," Hamis alisema wakati wakifunga vyombo, "umeona wapi maiti akapiga hodi?"

"Anayeingia bila hodi ni mwizi au mchawi, bwana Hamis."

"Ndiyo! Ndiyo maana yake! Mimi nimenunua mchawi kwa fedha yangu, wewe unamfanya mgeni wa chai!"

Dionis hakufanya kwa ubishi. Neno lilitoka tu, kama vile watu wengine wanavyopiga chafya.

Miezi minne nyuma alikuwa fundi baiskeli kwao Kibondo, mtu wa utani na kelele. Mkewe Esteria akapelekwa hospitali upande wa Kasulu, uchungu wa mimba ya pili umekwama. Siku ya tatu Dionis akamfuata juu ya lori, na kuku mmoja wa supu na kanga doti moja mpya. Alipofika stendi, mguu mmoja bado uko juu ya tairi, taniboi wa lori lililoegeshwa kando akampigia kelele kutoka juu ya magunia: "Wewe si mume wa yule mama wa Kibondo? Maiti yenu mnaichukua saa ngapi? Sisi tunaondoka!"

Sasa, kule kwao kifo kina adabu yake. Mtu hamwagiwi habari kama maji machafu. Kwanza unaulizwa kama umekula. Halafu unaambiwa ukae. Unapewa maji, na mtu mmoja anakaa nyuma yako, anakuwekea mkono mgongoni, ndipo mkubwa aanze kwa mbali: mgonjwa wetu, unajua, alizidiwa, madaktari walijitahidi. Neno lenyewe likifika, umekwisha kuliona likija njia nzima, na mkono uko mgongoni. Dionis hakupata hata kigoda. Alishuka kwenye lori, akakaza kamba ya miguu ya kuku kwa sababu ilikuwa imelegea, akauliza mochwari iko wapi.

Tangu saa ile hakuna kitu kilichomgusa. Mazishini hakulia. Wembe wa kunyoa wafiwa ulipomfikia alisema "baadaye", na hakuna aliyemlazimisha. Shemeji zake walinong'ona kuwa ana moyo wa jiwe, na wala hakuwalaumu. Angekuwa na huzuni angeijua. Alichokuwa nacho ni ganzi, ile ya mguu uliokaliwa vibaya, ila hii ilikuwa ya mwili mzima. Aliuza spana zake, akahamia Kasulu kwa sababu palikuwa mahali pengine, akaenda kazini na ganzi yake.

Kitu kimoja tu kilibaki hakijafanywa. Binti yake Immakulata, mwenye miaka saba, alikuwa Kibondo kwa bibi yake, mama mzazi wa Esteria, naye hakuwa ameambiwa. Siku ya mazishi aliachwa kwa jirani, na wakubwa wakakubaliana kwamba habari ile ni ya baba yake kuitoa. Mara ya kwanza Dionis alipokwenda, alimkuta mtoto kanyolewa kichwa kinang'aa. "Chawa," bibi alisema haraka, akitazama pembeni. Dionis akasimama uani na sukari na sabuni, mtoto akimwangalia usoni asipepese. Alifungua kinywa amwambie. Kilichotoka ni hiki: "Mama bado yuko hospitali. Anakusalimia."

"Nami namsalimia," mtoto alijibu kwa adabu, akapokea sukari kwa mikono miwili.

Mwezi wa pili ikawa hivyohivyo, na wa tatu. Kinyozi hajinyoi, na Dionis aliyewabishia hodi watu wa Kasulu kwa ajili ya paka alishindwa kumbishia hodi mwanawe.

Hatimaye mkwewe akatuma ujumbe kupitia dereva wa lori. Jumapili ijayo ni siku ya kumaliza msiba. Ukoo utakuja, pombe itanywewa, Esteria atatajwa kwa jina lake mbele ya wote. "Mtoto asisikie kwenye umati," dereva alikariri maneno ya yule mama. "Anasema, habari za sinema yako tunazo. Kama unampigia hodi shetani wa watu, njoo umpigie mwanao kabla ya Jumapili."

Ikawa bahati kwamba Jumamosi ile Hamis alikuwa anakwenda kuonyesha filamu yake Kibondo. Njia nzima, Land Rover ikiyumba kwenye makorongo, alimhubiria.

"Kibondo hawajaiona. Ni macho mapya kabisa. Ukisema hodi hata moja, Dionis, utarudi Kasulu kwa miguu."

"Sawa, bwana Hamis."

"Hata kukohoa, usikohoe."

"Sawa."

Na alikusudia kutii, maana kutii hakuna kazi kwa mtu ambaye lolote kwake ni sawa. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye vizingiti. Mkono ulipokaribia kioo, Dionis alikaza midomo. Kioo kikapasuka, na ukumbi mzima ukalia kwa Kiha, "Yoo, mawe!", mama yangu! Benchi la mbele likapinduka na watu wake. Mzee mmoja mwenye koti alijikuta kamkumbatia bwana shamba. Kisha kicheko, kile cha watu waliopona. Kule nyuma kwenye projekta Hamis alikuwa anameremeta.

Kwa paka, Dionis hakutazama shuka. Alitazama watu, na akaona jambo ambalo kwenye ghala la Kasulu hakupata kuliona kwa sababu ya hodi zake. Kila aliyeruka alimshika mtu. Kabla hata ya kupiga kelele, mkono ulikwisha kwenda kwa jirani, ukakamata kanga, bega, chochote. Akakumbuka yeye siku ile stendi alishika nini. Alishika kuku. Aliliwaza jambo hilo, nalo likapita bila kumuuma.

Ukaja mshtuko wa tatu. Mwenye nyumba akakaa mezani, akakata nyama yake taratibu. Pembeni ya benchi la tatu alikuwepo mwanamke mwenye mimba kubwa, peke yake, mikono kaifumba tumboni, waliokaa naye wamesogea wakimwachia nafasi. Mlango wa kwenye shuka ukaanza kusogea. Dionis akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika.

"Dada," ilisema, "umekula?"

Vichwa vyote vikageuka.

"Kaa vizuri, dada. Anayekuja ni mtu aliyekwisha kufariki. Hodi."

Mlango ukafunguka. Marehemu akasimama pale na sanda yake, akatoa macho, na hakuna hata mtu mmoja aliyeruka. Yule mwanamke akajibu taratibu, "Karibu." Hamis akachomoa waya.

Nje, jua likiwa bado juu ya migomba, alimshika Dionis ukosi. "Umeniua. Umeniua mchana kweupe!"

"Pole, bwana Hamis."

"Hata pole yako haina chumvi!" Akamwachia. Alimtazama kwa muda, hasira ikampungua, maana Hamis hakuwa mtu mbaya, alikuwa mfanyabiashara tu. "Nenda kwa mkweo, bwana. Nenda kafanye lililokuleta."

Dionis akaenda. Njiani alipanga maneno yake: umekula, kaa, maji, mkono, mgonjwa wetu alizidiwa. Aliyapanga kama alivyokuwa akipanga spana, na hayakuwa mazito kuliko spana.

"Hodi," alisema mlangoni.

"Karibu," sauti ya mtoto ikajibu.

Mkwewe alikuwa uani. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Yumo ndani." Alitwaa kibuyu chake na kusema anakwenda kwa jirani kuonja pombe ya kesho kama imeiva, akaondoka upesi, mdomo kauziba kwa kanga.

Immakulata alikuwa amesimama katikati ya chumba. Nywele zake zilikwisha kuota. Dionis akavuta pumzi.

"Baba," mtoto akamuwahi, "umekula?"

Akadhani ni heshima ya mgeni. "Bado, mama."

Chakula kilikuwa tayari, kimefunikwa: ugali wa muhogo na maharage. Akala kwa sababu kimewekwa mbele yake. Mtoto alisimama akimsubiri amalize, kisha akamnawisha na kuondoa sahani.

"Kaa kwenye kigoda cha bibi. Hicho kitakuangusha."

Akahama, akakaa. Akaletewa maji kwenye kikombe cha bati kwa mikono miwili. Halafu mtoto akazunguka nyuma yake, na Dionis akasikia kiganja kidogo kikitua mgongoni mwake, bado kina joto la sufuria.

Akaanza kuelewa, lakini polepole mno.

"Baba, nina habari. Usishtuke." Sauti ya Immakulata ilikuwa ya mtu aliyejizoeza peke yake mara nyingi. "Unajua mgonjwa wetu. Mgonjwa wetu alizidiwa. Madaktari walijitahidi sana." Akanyamaza kidogo, kama wakubwa wanavyonyamaza. "Mama hayupo tena, baba. Amefariki. Tangu ile siku bibi alipokwenda Kasulu."

Dionis aliruka. Aliruka mwili mzima, kikombe kikadondoka, maji yakammwagikia miguuni. Kiganja kilimkandamiza kisiondoke, na cha pili kikaja kumshika bega.

"Nani," alisema, na sauti haikuwa ile ya kwenye kipaza sauti, "nani alikuambia wewe?"

"Hakuna. Bibi alininyoa akasema chawa. Halafu naye akanyoa. Na mama mdogo Stumai akanyoa. Nikasema, chawa gani hawa wa ukoo mzima? Nikajua." Akafikiri kidogo. "Wewe tu ulikuwa na nywele zako. Na kila ukija unasema mama anasalimia. Nikaona masikini, baba hawajamwambia, watu wa hospitali wanamdanganya. Sasa kesho watamtaja mbele ya watu wote. Nikaogopa utasikia ghafla."

Dionis alitaka kumjibu. Alitaka kumwambia kuwa aliambiwa, kwamba alikuwa wa kwanza kuambiwa, stendi, mguu juu ya tairi. Lakini haikuwa kweli. Alikuwa ameambiwa sasa hivi. Miezi minne yote ikamjia kwa mpigo, Esteria na kanga zake ambazo hakuzivaa. Akalia kwa sauti, mtu mzima, kwenye kigoda cha mkwewe, mpaka mabega yakawa yanatikisa mikono ya mtoto iliyomshika.

"Lia tu, baba," Immakulata alimwambia, akimpigapiga mgongoni taratibu. "Mimi nilishalia."