Bati la Mama Diana

Honorata, mama Diana wa kijiji cha Mwamgongo kando ya ziwa, hakuvumilia mchikichi mchafu. Kwake mchikichi wenye makuti yaliyoning'inia ulikuwa sawa na nyumba isiyofagiwa. Ndiyo maana Selestini mkwezi alipomuuliza kama abakize makuti machache upande wa msituni, alimjibu kwa mkato, "Nyoa yote."

Selestini akanyoa, akateremsha mikungu, akawahi boti ya Kigoma. Kwenye shina, juu kidogo ya kimo cha mtu, aliacha bati lililozungushwa ili panya wasipande kula chikichi. Honorata ndiye aliyetaka lipigiliwe lisicheze.

Boti haijatokomea, kilio kikaanza. Honorata akainua macho. Watoto wawili wa pakapori, wale wadogo wa mwituni wanaozaa juu ya miti, walikuwa wamejibana kwenye vikonyo vya makuti, jua likiwachoma. Mama yao alikuwa mti wa pili, ng'ambo ya pengo. Makuti yaliyokatwa ndiyo yaliyokuwa njia yake.

Akaruka, akaanguka. Akalikwea shina, makucha yakakwaruza bati, akateleza hadi chini. Akarudia, jamani, akarudia tena.

Honorata alimkimbilia jirani yake Yunisi. Nani mwingine anakwea? Hakuna, wanaume walikuwa wamelala baada ya kuvua dagaa, nao wanajua maji, si michikichi. Yunisi akatazama juu, akasema kwa upole, "Bati lile si wewe mwenyewe uliyetaka lipigiliwe, mama Diana?" Afadhali angemtukana.

Honorata akaburuta meza, akapanda, akaanza kung'oa misumari kwa ncha ya panga. Vidole vilichubuka. Akiwa pale, paka alikimbilia vichakani. Akishuka ampishe, paka alipanda na kuteleza palepale. Roho ilimuuma hadi akalia.

Kisha mwewe akaja. Honorata alipiga kelele, akapunga kanga, akarusha hata panga. Pale juu hapakuwa na kuti hata moja la kumficha mtoto. Mwewe akamchukua mmoja, na baadaye akamrudia wa pili.

Bati lilipong'oka, paka alipanda bila taabu. Akazunguka kileleni, akinusa, akiita. Honorata alibaki chini na bati mkononi, hajui aliweke wapi.

Jioni wapita njia waliusifu mchikichi ule kwa usafi wake.