Sinia la Ussumane

Masinia yote yalizungukwa na watu mpaka mabega yakagusana, isipokuwa lile la ukutani. Hapo Ussumane alikaa peke yake, wali wa nazi ukimpoa mbele yake.

Latifa alimchungulia mdogo wake kutoka jikoni. Ilikuwa hitima ya kila mwaka ya marehemu mumewe. Dua imekwisha, na wanaume wa Quionga walikuwa wakila, wamempa Ussumane migongo.

"Mama Wahida," Joaquina, jirani aliyetoka bara, alimnong'oneza Latifa huku akikwangua ukoko. "Kibaraka maana yake nini? Tangu asubuhi nalisikia."

"Mtu asiye na kinywa chake. Bwana akicheka, naye anacheka. Bwana akinuna, naye ananuna."

"Ndiye yeye?"

Latifa alikuwapo mkutanoni Palma siku wakubwa wa kampuni ya gesi walipokuja kueleza nani atahamishwa kutoka pwani. Ussumane alitafsiri, na kila neno la wageni alilikubali kwanza kwa kichwa. Mvua iliposhuka, alimfunika mkubwa wao mwavuli, mwenyewe akaloa chapachapa. Mzee Mussagy ndiye aliyelitamka lile neno, nalo likamganda kijana kama utomvu wa fenesi. Latifa alikwisha kuazimia: hitima ikimalizika, atamwambia asikanyage tena uani kwake.

"Pengine ndiye," alisema.

Lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono ya Ussumane. Mwaka ule wa kipindupindu, wengine walipojibanza nje, mikono hiyo ndiyo iliyomwosha mumewe, polepole, kama anayemwogesha mtoto. "Shemeji, geuka kidogo," alikuwa akimbembeleza maiti.

Ussumane aliinuka. "Dada, nimeshiba. Kwaheri."

"Umeshiba nini, nawe hujagusa?"

Latifa alikaza kiunoni kapulana, ile kanga yake, akatoka na ukoko mkononi.

"Latifa, huku ni kwa wanaume," alisema Mzee Mussagy.

"Najua, mzee. Nakula na mdogo wangu." Akaketi, akapiga bismillahi. "Kaa, Ussumane."

Akakaa. "Watakusema na wewe, dada."

"Waseme. Na mimi nikishakula nitakusema. Ule mwavuli, Ussumane!"

Aliinamisha kichwa. "Nilijua uliuona."

Latifa akamsogezea ukoko, ule wa kingoni alioupenda tangu utotoni. Kisha Mzee Mussagy akakohoa, akamgeukia kijana.

"Ussumane, pilipili iko huko kwenu?"

Latifa aligeuka. Bakuli la pilipili lilikuwa mbele ya magoti ya mzee mwenyewe, limejaa.