Dripu, Mwambie Mwenye Kitanda

Ilikuwa siku ya pili tangu Tulia ahamishiwe wodi ya wanaume. Alikuwa anapiga deki aliposikia kikohozi kutoka kitanda namba saba, akaganda na dekio mkononi. Kikohozi kile angekitambua hata usingizini. Huko kijijini Kawetele, alikoolewa, kila asubuhi kilikuwa kikitangulia njiani kumtahadharisha: baba mkwe anapita, jibanze.

Maana kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana na baba mkwe wake hawatazamani usoni wala hawazungumzi. Akipita huyu, yule anajificha nyuma ya migomba. Neno likibidi, hutumwa kwa mtoto, na mtoto asipokuwepo, husemewa ukuta, mwenye masikio akasikia. Vijana wengi wa mjini wameyaacha hayo. Mzee Asajile, baba mkwe wa Tulia, hakuacha hata punje.

Na ni kwa mila hiyohiyo alimmaliza Tulia.

Yohane, mume wa Tulia, alikufa kwa ajali ya lori barabara ya Kiwira. Ukoo ulipokaa uani kuamua mambo, Tulia alikuwa ndani, kichanga cha miezi miwili kikiwa kifuani. Mzee Asajile akasogea dirishani. Siku hiyo hakutuma mtoto wala hakusemea ukuta. Aliuliza mwenyewe, kwa sauti yake, akijua fika hatajibiwa: "Unataka kubaki kwenye nyumba hii au kurudi kwenu? Chai ya marehemu ataichuma nani?" Tulia aliinamisha kichwa kama alivyofundishwa na mama yake, machozi yakimdondokea mtoto. Mzee akawageukia wenzake.

"Mmeona? Hata neno. Amerukwa na akili kwa msiba. Asiye na akili haamui."

Nyumba akapewa Lugano, mdogo wake Yohane. Tulia akarudi kwa mama yake Kiwira na mtoto mgongoni na sufuria moja kichwani. Akasoma masomo ya jioni, mwanawe Lusekelo akilala juu ya kanga chini ya dawati, hadi akapata kazi ya mhudumu wa wodi. Miaka mitatu imepita. Kila alipomnyonyesha mtoto, hata alipomwachisha ziwa, neno lile lilikuwa palepale: asiye na akili haamui.

Sasa mwenye neno alikuwa amelala kitanda namba saba, mguu wa kulia umeoza kwa kisukari.

"Tulia, wewe si Mnyakyusa?" Nesi Ummy alimwita. Ummy alizaliwa Bulyaga, mjini Tukuyu, duka la baba yake liko hapohapo, lakini Kinyakyusa chake kiliishia kwenye salamu na bei ya ndizi. "Njoo umtafsirie Dokta. Mzee huyu Kiswahili kinamshinda."

Dokta Mudathiri, mtu wa Tanga, alikuwa na wiki tatu tu Tukuyu na bado alivaa masweta mawili.

"Sikiliza, dada Tulia. Mguu unatakiwa ukatwe juu ya goti. Juzi alikataa kwa kelele, mwanawe akitafsiri. Sasa homa imepanda, sijui kama anakataa kwa akili yake au kwa homa. Mgonjwa ana haki ya kukataa, hata kama mimi naona anakosea. Ila lazima aelewe nilichomwambia, akikumbuke, akipime, kisha anijibu. Akishindwa, mwanawe ataamua kwa niaba yake. Na huyo mwanawe nimemwambia akae nje, ndugu asitafsiri."

Tulia alijua la kusema. Lilikuwa neno dogo tu: Dokta, huyu ni baba mkwe wangu, tafuta mtu mwingine. Lilifika hadi kwenye meno. Akalimeza.

Akasogea kitandani. Mzee alipomwona, alivuta blanketi hadi utosini na kugeukia ukutani.

"Muulize leo siku gani."

Tulia aliuliza. Kimya.

"Muulize yuko wapi. Muulize tumemwambia nini kuhusu mguu."

Kimya. Blanketi lilipanda na kushuka.

"Hajibu, Dokta," alisema Tulia. Na wala hakusema uongo! Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua kuni baada ya mlima mrefu. Mkuki kwa nguruwe, alijisemea. Leo uko kwako, mzee.

Dokta aliandika, akapumua. "Kesho saa nne narudia. Akiwa hivihivi, mwanawe anatia sahihi."

Koridoni, Lugano alikuwa ameegemea mlango, macho yake yakiwa yameona yote. Alimfuata Tulia hadi kwenye ndoo.

"Shemeji! Kumbe uko huku? Kesho simama hapohapo, usisogee hata hatua. Unafanya kazi nzuri."

"Kazi gani?"

"Wewe unaijua." Alicheka. "Mzee amenibania mno. Kila kitu mpaka aseme yeye. Hospitali ikishaandika kuwa akili hana, mimi ndiye mwenye kauli. Mguu, shamba, vyote. Halafu ile nyumba yako inavuja, ujue. Nitaibomoa, nijenge ya vyumba vya kupangisha."

Tulia alisukuma ndoo hadi chooni, akasimama mbele ya sinki. Kumbe kisasi chake kilikuwa kinapikwa kwenye jiko la mtu mwingine, na mlaji ni Lugano.

Saa ya wageni ilipokwisha, alirudi kitanda namba saba na kitambaa cha kufutia. Mzee akajifunika. Tulia aliikazia macho chupa ya dripu iliyoning'inia, akaiambia kwa Kinyakyusa:

"Dripu, mwambie mwenye kitanda: Lugano yuko nje anasubiri kalamu, aamue kwa niaba yake. Mwambie kesho naweza kukaa nyuma ya pazia nikatafsiri, na mila ikabaki salama. Lakini kwanza aseme mbele ya Lugano na daktari kwamba siku ile alijua kwa nini nilinyamaza."

 Kisha sauti ikatoka chini ya blanketi, kavu kama ganda la mgomba.

"Ukuta, mwambie anayefuta kitanda: mzee hauzi maneno kwa mkamwana."

"Basi, dripu, mwambie saa nne nitasimama hapa. Bila pazia."

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye vioo vya madirisha. Saa nne walikuwepo wote: Dokta na fomu, Ummy kama shahidi, na Lugano, aliyeitwa safari hii aje kutia sahihi. Tulia alisimama ubavuni mwa kitanda, mikono nyuma. Dokta aliuliza. Tulia akatafsiri. Blanketi likanyamaza.

"Mara ya mwisho," alisema Dokta. "Leo siku gani?"

Kimya.

Lugano alisogea, kalamu imeshatoka mfukoni. "Msijisumbue. Mzee amerukwa na akili, Dokta. Hata neno, mnaona?"

Blanketi likashuka.

Mzee Asajile alikaa, polepole, akishikilia chuma cha kitanda. Kwanza akamtazama Lugano. Kisha akageuza shingo, akamtazama Tulia usoni, machoni kabisa, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu siku ya mahari.  Tulia hakuyaondoa macho yake.

"Leo Jumatano," alisema mzee. "Jana mvua ilianza kabla ya uji. Huyu daktari jana alivaa soksi mbili za rangi tofauti, na leo kavaa zilezile."

Tulia akatafsiri. Dokta akatazama miguu yake. Ummy akaziba mdomo kwa faili.

"Mguu wangu umeoza, sumu inapanda. Wakikata, huenda nikaishi. Nina miaka sabini na tisa. Nimemzika mke wangu, nimemzika Yohane. Nataka niwafuate na miguu yote miwili."

"Mwambie wazi," alisema Dokta taratibu. "Akikataa, atakufa. Nataka nijue kama neno hilo analielewa."

Miaka mitatu Tulia alikuwa akilitamani neno hilo. Alilisema kwa Kinyakyusa, akilivuta: "Utakufa."

"Najua," alijibu mzee. "Usilitafune kama karanga, utapaliwa. Nimesikia, nimepima, nimekataa. Na sijamaliza, tafsiri na hili. Jana nilinyamaza kwa sababu huyu ni mkamwana wangu, mke wa Yohane. Na siku ya msiba wa Yohane yeye alinyamaza kwa sababu mimi ni baba mkwe wake. Nilijua. Nikasema amerukwa na akili, na nilijua. Nyumba ni yake na mtoto wake."

Tulia alitafsiri neno kwa neno. Hakupunguza, hakuongeza. Alipofika kwenye "nilijua" aliirudia sentensi tangu mwanzo.

Dokta alimgeukia, uso umebadilika. "Ni mkweo? Na jana hukuniambia? Nilikuwa nimkate mtu mguu!"

"Nilikosea, Dokta. Niandikie onyo, nitalitia sahihi."

"Nitakuandikia." Akainama juu ya fomu.

"Ila hapo unapoandika, Dokta, soma kwa sauti. Tafadhali."

"Mgonjwa anaelewa, anakumbuka, anapima na kueleza uamuzi wake. Ana uwezo kamili wa kuamua. Saa nne na dakika ishirini."

"Hapana!" Lugano alipaza sauti. "Hiyo habari ya nyumba ni homa! Mzee amechanganyikiwa!"

"Umesikia nilivyosoma," alisema Dokta.

"Nesi Ummy shahidi, jina lake liko hapo chini," alisema Tulia. Akamsogelea Lugano, akanong'ona kwa upole kama anayembembeleza mtoto. "Shemeji, usibomoe. Paa nitaliziba mwenyewe. Wewe funga virago tu, tukutane baraza la kata."

Lugano aliondoka bila kofia yake. Ummy akamwita, hakugeuka.

Mchana Tulia alikuja kuosha kidonda. Mzee alikuwa amejifunika tena hadi utosini, kana kwamba asubuhi haikuwepo. Harufu ilikuwa kali. Aliosha taratibu, kwani kidonda hakikuwa na kosa.

"Dripu, mwambie mwenye kitanda: sijamsamehe."

"Ukuta, mwambie sikuomba."

Alifunga bandeji, akakusanya pamba. Alikuwa ameshika beseni, anageuka, sauti ilipotoka tena chini ya blanketi, safari hii ndogo zaidi.

"Ukuta... muulize. Yule mtoto. Anafanana na Yohane?"

Tulia alisimama. Alimwona Lusekelo alivyomwacha asubuhi Kiwira, amesimama mlangoni na kikombe cha uji, kidevu cha baba yake, kilekile. Jibu lilikuwa hapo, tamu, mdomoni. Mzee alisubiri, pumzi ameizuia. Blanketi halikupanda wala kushuka.

Tulia akabeba beseni lake, akatoka. Safari hii alinyamaza kwa kupenda.